Kopo la Mwisho la Mzee Abdulkadiri

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wetu mliotoka Kibuta mkaja hadi hapa Tangini, ndugu wageni waalikwa: wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana.

Khalfani aliponiomba nizungumze kwenye ufunguzi wa duka lake, nilimwonya. Mimi Adventina nimestaafu kazi ya maabara, sivuti tumbaku, wala sitamsihi mtu avute. Akasema, "Ndiyo maana nakutaka wewe, mama. Sema ulichokiona." Basi nasema.

Wengi wenu mnamkumbuka babu yake, Mzee Abdulkadiri wa Kisarawe, aliyechanganya tumbaku ya kiko kwa karafuu na asali. Alipofariki, mchanganyiko ule ukatoweka. Mwaka jana Khalfani, kwa kuelekezwa na shangazi yake Zuwena, akaufufua, akataka kuandika kwenye makopo: "Ni Ile Ile."

Nikamuuliza, "Wewe uliwahi kuivuta ya babu?"

"Hapana, mama. Alifariki sijazaliwa."

"Sasa umejuaje kuwa ni ile ile?"

Akacheka. Ndugu zangu, kitu kilichokufa kikirudi na jina lake, je, kimerudi chenyewe, au limerudi jina tu? Swali hilo lilininyima raha.

Bi Zuwena alikuwa na kopo moja la baba yake, halijafunguliwa tangu msiba. Mimi nisingethubutu kuliomba. Yeye mwenyewe alilitoa sandukuni, akalikumbatia kitambo, akasema, "Fungueni. Baba yangu hayumo humu."

Tukaenda Kibuta kwa Mzee Mwishehe, huyu aliyeketi mbele yetu, aliyeivuta tumbaku ile tangu ujana wake. Nikampa kisogo, nikajaza viko viwili: kimoja tumbaku ya zamani, kingine ya Khalfani. Akavuta hiki, akavuta kile, akafumba macho. Kisha akanyoosha kidole. "Hii ndiyo ya Abdulkadiri. Hiyo nyingine mmeiokota wapi?"

Aliyoichagua ilikuwa ya Khalfani.

Kijana aliruka kwa furaha! Mimi sikuruka. Nilipomweleza Mzee Mwishehe ukweli, alikitazama kile kiko alichokikataa, akakiwasha upya, akavuta polepole mpaka kikazimika. "Mwanangu," akaniambia, "ama tumbaku imezeeka, ama mimi. Nani atatuamulia?"



 Khalfani angeweza kutangaza kwamba mzee kaithibitisha, na nani angembishia? Badala yake, njiani tukirudi, akaniuliza, "Mama, nikiandika Ile Ile, nitakuwa nimedanganya?"

"Sijui. Na wewe hujui."

"Basi siandiki nisichokijua."

Ndiyo maana makopo mnayoyaona yameandikwa: Tumbaku ya Khalfani, Mjukuu wa Abdulkadiri. Wafanyabiashara wawili wa Dar waliokuwa wameahidi kuichukua wamejitoa; wao walitaka jina la zamani. Imemuuma, nimemwona. Lakini hajarudi nyuma.

Khalfani mwanangu, kama babu yako angeitambua tumbaku hii, mimi sijui. Kwamba angekutambua wewe, hilo sina shaka nalo.

Mheshimiwa Diwani, ndugu zangu wote, nawashukuru sana kwa kunitegea masikio.