Sylvanus Ochola (1952–2003), Aliyeugua Pepopunda Mara Mbili

Sylvanus Ochola alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 huko Ugunja, Siaya, mtoto wa tatu wa mzee Okullo. Alisoma hapo hapo hadi darasa la saba, karo ikakosekana.

Mwaka 1978 alimwoa Moreen Aoko. Mwaka 1987, vita vilipokwisha Kampala, alipata kazi katika bandari ya Port Bell ya kufunga mabehewa kwa minyororo ndani ya feri, na familia ikahamia Luzira, karibu na bandari.

Juni 1991 waya ulimchoma mguu, akaugua pepopunda. Alipona baada ya siku ishirini na sita. Aliambiwa arudi achanjwe, hakurudi. Mwaka 1998 Sista Abalo, muuguzi wa zahanati ya jirani, alipoleta chanjo bandarini, Ochola alikunja mikono.

“Sista, choma hawa wageni. Damu yangu ilishasoma hii sumu, ikafaulu.”

“Haikusoma kitu, mzee. Hii sumu ya bakteria, kidogo tu inaua. Hicho kidogo, askari wa damu hawakioni. Kwenye chanjo tunaitoa makali, halafu tunawaletea ya kutosha, waijue.”

“Sasa mimi nilipona na nini? Uji wenu?”

Wapakizi walicheka. Mwenzake wa zamu, Wanyama, akashusha mkono wa shati, na wengine kumi na mmoja wakaondoka naye.

Tarehe 5 Mei mwaka huu wa 2003 msumari wa behewa ulimwingia kisiginoni. Alikiosha kwa mafuta ya taa, akaendelea na kazi. Siku ya nane alishindwa kufungua kinywa anywe chai, akapelekwa hospitali. Wodini dirisha lilizibwa kwa blanketi, na hata mlango ukigongwa mgongo wake ulipinda kama upinde. Watoto walizuiwa kuingia, kwa kuwa sauti zao zilimtesa. Kabla taya halijakaza kabisa, alimwambia Moreen kwa meno yaliyobana: “Msiseme nimelogwa. Msome mazishini kwamba nilikosea. Wanyama aliniamini mimi.”

Alifariki tarehe 21 Mei 2003, saa tano asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Tumesoma kama alivyotaka. Ameacha mjane, Moreen, na watoto wanne. Kitinda mimba, Whitney, ana miaka tisa. Mwili unaondoka saa nane kwenda Ugunja. Sista Abalo yupo barazani na chanjo yake. Wanyama, anza wewe.

Nawe Sylvanus, Mungu akupe pumziko la amani.