Landrova ya Marehemu Baba

Benchi la kahawa la Kiboriloni, pale njia ya Old Moshi inapoiacha lami, lilijaa mapema Jumamosi ile. Mbele yake Wenseslaus alikuwa ameegesha Landrova ya marehemu baba yake, iliyolala kihambani, shamba la nyumbani kwao, miaka tisa chini ya migomba, kuku wakitagia kwenye siti. Miezi mitatu alihangaika na mafundi hadi ikaunguruma. Sasa ilibaki kuipa sura, na hapo ndipo alipokwama. Alitaka tu wenzake wa kijiweni waipende.

Fredy, fundi bodi waliyembatiza Taa Kumi kwa jinsi alivyoipamba Hailaksi yake, aliizunguka mara mbili.

— Mwanangu, hii tunainyanyua. Springi ndefu, tairi za matope, taa juu ya kabini, rangi nyeusi isiyong'aa. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Kwa nini? Tairi ndogo!

— Toka hapa! — akadakia mzee Ebenezeri, dereva mstaafu, ambaye Pijo 504 yake huifuta vumbi kila asubuhi kama anamwogesha mtoto. Kijiweni humwita Orijino. — Gari ilizaliwa kijani, ibaki kijani. Hata skrubu za mlango zitafutwe za mwaka ule ule. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Sasa ukiinyanyua, nani atainama?

— Shikamoo mzee wangu, lakini kijani ni rangi ya migomba. Ukiipaki shambani utaitafuta siku mbili.

— Marahaba. Na wewe na taa zako, ndege itatua hapa ikidhani ni KIA.

— Itue, itushushie watalii! Tunakata paa, wanasimama, wanautazama mlima.

— Mlima unaonekana hata ukiwa umekaa!

— Nyuma naweka jiko, friji, kitanda...

— Na padri wa kufungisha ndoa?

Benchi zima likaangua kicheko. Wenseslaus naye alicheka, ila kwa nusu mdomo. Kila walipoongeza kitu, aliona gari ya baba inapungua.

Ndipo akaja mama mmoja, mgeni pale, kanga imeloa matope hadi magotini. Bodaboda alikuwa amegoma kupanda mlima, akamshusha njiani na mifuko yake miwili ya pumba za ng'ombe.

— Hamjambo jamani. Mimi Gladys, wa Kidia. Hivi gari hii itapanda kwetu na utelezi huu?

Taa Kumi akamtazama Orijino, Orijino akaitazama kahawa yake. Tangu ipone, Landrova ilikuwa imetembea lami tu, kutoka gereji hadi kijiweni.

Wenseslaus akaweka kikombe chini.

— Sijui, mama. Panda tukaone.

Wabishi wawili wakarukia nyuma, wakakalia pumba. Kwenye kona ya tatu gari iliteleza ubavu, nyuma pakapigwa yowe. Wenseslaus akaingiza gia nzito, polepole kama alivyokuwa akifanya baba yake, akaacha magurudumu yote manne yajitafutie ardhi. Landrova ikakohoa, ikanguruma, ikapanda. Kifua cha Wenseslaus kikajaa furaha ambayo rangi yoyote isingeweza kumpa.

Walipofika Kidia, Gladys akawakaribisha maziwa mgando, kisha akaipapasa boneti iliyojaa matope.

— Aika, asante sana, baba. Jumanne nina mifuko mitatu.

— Nitakuja, — akajibu Wenseslaus, kabla mtu hajamshauri.