Maziwa Hayaoshi Benzini: Maisha ya Urbanus Munyao Kavoi, 1938–1986

Wewe mwenye umeshika hii karatasi, familia iko na neno na wewe kabla ya wimbo wa pili. Siku tano umekaa matangani hapa Kawangware, umekunywa chai, umetikisa kichwa, umesema Munyao alikuwa mtu wa watu. Ukiulizwa ni nini ilimuua, unaangalia viatu. Hasa nyinyi wa Maabara ya Kilele, mko viti vya nyuma, kumi na mmoja, tumewaona. Ofisi ya leba inataka mashahidi wawili waliofanya kazi naye. Wawili tu. Mpaka asubuhi ya leo hakuna hata mmoja. Basi sikizeni maisha ya mtu wenu.

Urbanus Munyao alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 huko Tawa, wilaya ya Machakos, mtoto wa tatu wa mzee Kavoi, fundi wa mizinga ya nyuki, na mkewe Syombua. Wote wawili walitangulia.

Aliingia shule ya misheni mwaka wa 1947 akiwa na miaka tisa, kwa sababu mbuzi walikuwa na haja naye kwanza. Alisoma mpaka 1955, karo ikakatika. Lakini kusoma hakukukatika. Alisoma gazeti lililofungia nyama, alisoma lebo ya dawa ya ng'ombe, alisoma tangazo la mnada wa mwaka juzi. Mamake alikuwa akimwambia, "Wewe, hata ukipata kaburi utaanza kulisoma."

Alifika Nairobi mwaka wa 1961, akakaa Kibera, chumba kimoja na wanaume wanne wa Tawa. Alibeba mawe, alichimba vyoo, alisukuma mkokoteni. Tarehe 7 Februari 1966 akaandikwa Kilele, kule Industrial Area, kazi ya kuosha vyombo vya glasi. Kilele walikuwa wanapima mafuta ya kupikia na chakula cha kuku. Kutoa mafuta kwenye mbegu walitumia dawa inaitwa benzini, inanuka tamu hivi, hata unaweza kuipenda. Glasi zote zilioshwa kwa benzini, na mikono mitupu.

Ukutani kulikuwa na masharti ya usalama, kumi na manne, kwa Kiingereza, ndani ya fremu ya kioo. Munyao aliyasoma yote siku ya kwanza. Vaa glavu. Usifyonze dawa kwa mdomo. Usifungue benzini nje ya kabati lenye feni ya kutoa moshi. Akauliza glavu ziko wapi. Meneja, Bwana Gachanja, akacheka mpaka akashika meza.

"Munyao, wewe uliandikwa kuosha chupa ama kusoma ukuta?"

Watu wote wakacheka. Nyinyi wa viti vya nyuma, mlicheka pia.

Glavu hazikutoka. Kilichotoka ni maziwa. Kila siku saa kumi, kila mfanyakazi pakiti moja, zile za pembe tatu. Gachanja alisema maziwa yanaosha dawa tumboni na kwenye damu, na watu wakaamini, kwa sababu hata viwanda vya jirani vilifanya hivyo. Ukikohoa, kunywa maziwa. Kichwa kikizunguka, kunywa maziwa. Ukimwagikiwa na benzini, ulizia pakiti ya pili.

Tarehe 14 Desemba 1968 Munyao alimuoa Kalekye kanisani huko Tawa. Mwaka uliofuata walihamia Kawangware, ploti ya Mama Wangoi, chumba cha nne kutoka kwa bomba. Mungu akawapa Mutheu mwaka wa 1970 na Nyamai mwaka wa 1973. Tangu Mutheu aachishwe ziwa, Munyao hakunywa tena maziwa ya Kilele. Alikuwa anaficha pakiti ndani ya koti, anatembea nayo mpaka nyumbani, na watoto wa ploti nzima walijua mwendo wake. Mama Wangoi alikuwa akiita kutoka mlangoni, "Baba Mutheu, leo ng'ombe yako imezaa?" Naye anajibu, "Imezaa pembe tatu, mama." Kalekye alikuwa akigombana naye.

"Hiyo ni dawa yako. Kunywa."

"Mimi nina mwili. Huyu anaotesha meno."

Sasa tuseme ile kitu hamtaki kusema. Mwaka wa 1974 mkanda wa feni ya kabati la moshi ulikatika. Haukununuliwa mwingine. Inspekta wa viwanda alikuwa akija karibu mara moja kwa mwaka, na simu ilikuwa inamtangulia. Siku hiyo Dalmas wa stoo alikuwa anakimbia kuazima mkanda kwa posho mill ya nyuma, na akina mama waliobeba mahindi walikuwa wanaambiwa wangoje, mashine ni mbovu. Kisha Dalmas anafungua katoni ya glavu na barakoa, anagawa. Feni inalia vizuri. Inspekta anaandika. Akitoka kwa geti, Dalmas anapita na ile katoni, kila mtu anavua, anarudisha. Mkanda unarudi kusaga unga. Dalmas, uko hapo karibu na nguzo, umevaa koti la kijivu. Ni uongo?

Na marehemu hatutampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mara sita inspekta alimuuliza yeye mwenyewe, "Mzee, hizi glavu mnavaa kila siku?" Mara sita Gachanja akiwa amesimama pale, mikono mfukoni, Munyao alijibu, "Kila siku, bwana." Alikuwa na watoto shuleni. Hiyo sentensi ilimkalia kifuani kuliko benzini.

Novemba 1984 fizi zake zilianza kutoa damu. Halafu alama nyeusi mikononi bila kugongwa. Halafu akawa hawezi kutoka steji ya basi mpaka ploti bila kukaa chini mara mbili. Watu wakasema ni pombe, na Munyao hakuwahi kuonja hata kaluvu, ile pombe ya asali, siku ya harusi yake. Wengine wakasema amerogwa na mtu wa Tawa. Februari 1985 alilazwa, na Daktari Wesonga akasema kiwanda cha damu ndani ya mifupa kimekufa.

Gachanja alikwenda kumwona mara moja, na machungwa. Alisimama mguuni pa kitanda. Mutheu alikuwa hapo, miaka kumi na mitano, ameshika kitambaa cha kumpangusa babake mdomo.

"Munyao, tulikupatia dawa yako kila siku," akasema. "Maziwa. Tunasikia ulikuwa unabeba nyumbani. Sasa kampuni ifanye nini na mtu kama huyo?"

Akaweka machungwa, akaenda. Na Munyao aliamini. Wiki mbili aligeukia ukuta, akifikiri amejiua na mikono yake. Lakini aliyeumia zaidi ni huyu msichana. Aliacha kula. Aliacha kwenda shule. Usiku mmoja alimwambia mamake, "Mimi ndiye nilikunywa maisha ya baba."

 Asubuhi Kalekye alimshika mkono, wakapita kwa nesi bila ruhusa, akamsimamisha mbele ya Daktari Wesonga. "Daktari, mwambie huyu mtoto ukweli. Maziwa yanaosha benzini ama hayaoshi?"

Daktari alimwangalia kwanza kama mtu anayefanyiwa mzaha. Kisha akaenda nao mpaka kitandani, ili wote wasikie.

"Mzee, hata ungekunywa ng'ombe mzima na kwato zake, maziwa hayaoshi benzini. Benzini ilikuwa inaingia kwa pua na kwa ngozi. Ulihitaji glavu na feni. Hayo maziwa, mtoto aliyekunywa ndiye pekee aliyefaidika."

Munyao alicheka, fizi zikatoa damu, akaendelea kucheka. Kisha akaomba kalamu. Kwa siku nne alisema na Mutheu akaandika: feni, mkanda, katoni, mara sita za "kila siku, bwana", na majina ya wote waliokuwepo. Hakuacha lake. Alilitanguliza. Karatasi hiyo iko ofisi ya leba. Kampuni nayo imejibu kwa barua ya tarehe 2 Aprili 1986 kwamba marehemu, wakati huo akiwa bado anapumua, "alikataa kutumia kinga aliyopewa." Maziwa. Wameandika maziwa kwenye barua ya wakili, hawana haya.

Aliaga dunia Jumapili tarehe 11 Mei 1986, saa mbili asubuhi, Kalekye akiwa amemshika mguu. Tunaondoka naye kwenda Tawa mara tu baada ya ibada.

Ameacha mjane, Kalekye. Watoto, Mutheu na Nyamai. Ndugu wawili na dada mmoja. Na mpwa wake Mukai, anayesoma haya. Bwana Gachanja aliomba nafasi ya kutoa hotuba. Hayuko kwenye programu. Si makosa ya mpiga chapa. Shada la Kilele liko nje ya geti, na litakaa hapo mpaka mbuzi za Mama Wangoi ziamue.

Mungu ampe Munyao pumziko lililo na amani. Gachanja asipewe. Asipewe mpaka asimame mbele ya watu aseme mkanda ulikuwa wa nani.

Kesi inasikizwa Jumanne tarehe 27 Mei, saa tatu asubuhi, ofisi ya leba. Karatasi ya mtu aliyekufa, wakili ataikalia. Mtu aliye hai hawezi kumkalia. Tunajua mna kazi, mna watoto, mnaogopa. Munyao pia aliogopa, mara sita, na mmeona imemfikisha wapi. Na kesho asubuhi nyinyi mnarudi kuosha zile glasi, na mikono mitupu. Kwa hivyo, kabla jeneza halijabebwa, inuka hapo nyuma, kuja mbele, umwambie Kalekye jina lako kamili na useme, "Mama, Jumanne nitakuwa huko."