Dhahabu Ruwa, Aliyekuwa Kwenye Kinanda

Marehemu Dhahabu Ruwa alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Oktoba 1952, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwao Kisauni, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ruwa Tinga, mponda mawe katika machimbo ya Bamburi, na Mama Kafedha Nzai, na familia inaomba tarehe hiyo ishikwe vizuri, kwa sababu marehemu aliandikwa vibaya alipokuwa hai, na haitakubali aandikwe vibaya leo.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Kisauni tangu Januari 1960 hadi darasa la saba mwaka 1966, na kinanda alijifunza kanisani, kile cha kukanyaga kwa miguu, kwa mwalimu wa kwaya aliyemruhusu kukigusa kwa sharti kwamba akifute vumbi kwanza, naye akawa anakifuta kila siku, hata siku ambazo vumbi halikuwapo.

Mnamo Machi 1971 aliajiriwa kutandika vitanda katika hoteli moja ya ufuoni Bamburi, na Agosti 1973, mpiga kinanda wa bendi ya hoteli alipohamia Nairobi bila kuaga, Dhahabu aliingia ukumbini na aproni yake, akaketi, akapiga, na tangu siku hiyo vitanda vikatandikwa na wengine. Bendi hiyo iliitwa Kokoto, ikipiga jazi iliyochanganywa na fanki, na nyimbo zote tisa za albamu zake mbili, Vumbi Jeupe ya mwaka 1978 na Zamu ya Tatu ya mwaka 1980, alizitunga yeye, kwenye kinanda ambacho kitufe kimoja cheusi cha katikati kilikuwa kimeliwa na chumvi ya bahari, hakilii kabisa, na kwa kuwa hoteli ilimwambia kila mwaka amsubiri fundi, alitunga kila wimbo kwa kukiruka.

Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1975, alifunga ndoa na marehemu Odhiambo, mwendeshaji kreni bandarini, katika kanisa letu hili la Changamwe, wakajaliwa Fidel mwaka 1976, na Mercyline, aliyezaliwa Jumamosi, tarehe 11 Novemba 1978, siku ambayo mpiga picha alikuja kuipiga bendi picha ya jalada la Vumbi Jeupe, na kwa kuwa kiti cha kinanda kilikuwa kitupu, wenzake walimkalisha Dancun, dereva wa gari la bendi. Dancun mwenyewe alifika wodini jioni ile, akicheka, akamwambia, "Shemeji, nimekushikia kiti, lakini mimi hata kengele ya baiskeli hunishinda," naye akamjibu, "Hukukivunja? Basi yameisha."

Hayakuisha. Jalada halikuwa na jina la mtu, lilikuwa na picha tu, na Zamu ya Tatu ikatumia picha hiyo hiyo, bendi ikavunjika mwaka 1984, Dancun akafariki mwaka 1999, mzee Odhiambo akafuata mwaka 2009, na marehemu aliendelea kupiga kinanda hapa kanisani kwa miaka karibu arobaini, hadi Aprili 2022, kampuni moja ya ng'ambo ilipozitoa upya albamu zote mbili, kwa karatasi nzuri na maelezo marefu, na katika maelezo hayo ikaandika kwamba mpiga kinanda na mtunzi wa nyimbo zote ni mtu anayeonekana pichani ameketi kwenye kinanda, yaani Dancun.

Achieng, binti ya Mercyline, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, aliwaandikia, nao wakajibu kwa adabu kwamba picha ndiyo ushahidi walio nao, naye akakaa na jibu hilo siku tatu bila kulitoa, akihofia kwamba litamuumiza nyanya yake, na alipomsomea hatimaye, nyanya alicheka mpaka akaivua miwani. "Waambie, mwanangu, wakitafute hicho kitufe," akasema. "Nyimbo tisa. Wakikisikia kinalia hata mara moja, basi mimi nilikuwa jikoni nikipika."

Achieng aliwaandikia ni kitufe kipi, wakasikiliza siku kumi na moja, hawakukisikia, wakaomba radhi, wakajitolea kubandika kikaratasi chenye jina lake juu ya majalada yaliyokwisha kuchapishwa, naye akakataa, akasema waambiwe kwamba yeye si tufaha la duka la Nyali hata abandikwe kikaratasi, na tarehe 2 Septemba 2023 majalada mapya yalifika Changamwe, jina la Dhahabu Ruwa likiwa mbele, kwa herufi kubwa kuliko za bendi.

Mwezi Mei 2024 alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa mara tatu, na hata wodini alikuwa akipiga vidole juu ya shuka, hadi Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa tisa alasiri, alipoaga dunia akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Changamwe waliopika na kulala matangani, kwaya aliyoifundisha, na wazee wawili wa Kokoto waliosafiri kutoka Kisauni na magongo yao.

Inamshukuru pia karani aliyejaza fomu ya kifo siku ile ya Alhamisi, ambaye mahali pa kazi aliandika "mama wa nyumbani", kisha akakubali kurekebisha, kwani kesho yake saa mbili asubuhi Achieng alikuwa mlangoni pake, albamu kwapani. "Akina nyanya wote huwa tunawaandika hivyo, dadangu," karani alimwambia, "ni kawaida tu." Achieng aliiweka albamu juu ya meza, akamwomba asome jina kwa sauti, akasimama hapo, foleni ikinung'unika nyuma yake, mpaka karani akachukua fomu mpya na kuandika, "mpiga kinanda na mtunzi", naye akazikagua herufi moja moja kabla ya kutoka.

Umeandikwa sawa, nyanya, sasa pumzika kwa amani.