Kiganja cha Fundi Thuwaini

Leo ni Jumamosi, tarehe 6 Aprili 1957. Zimetimia siku saba tangu Fundi Thuwaini bin Aidarus atoke kwenye geti la yadi yetu ya Chang'ombe akiwa hana haja ya kurudi kesho yake. Ametumika miaka ishirini na saba. Wasifu huu wa kumuaga ulikuwa uandikwe na karani wetu, Bwana Audax, lakini Fundi mwenyewe alimkatalia. "Aandike Gozbert," alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa akikaa juu ya masanduku." Mimi ni kibarua wa kupakia. Shule yangu ilikomea darasa la nne kwetu Kanyigo, ambako sijafika mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hiyo nikikosea mtanisamehe. Fundi alinipa sharti moja tu, kwamba nisifiche kitu.

Alianza kazi mwaka 1930, yadi ikiwa na malori mawili na punda. Marehemu baba yake, Mzee Aidarus, alikuwa na duka la vitambaa na alitaka mwanawe apime kaniki. Mwanawe akachagua grisi. Kila Ijumaa mzee alikuwa akimnusa kabla ya kumruhusu kukaa kwenye jamvi. "Umeoga," alimwuliza mbele ya wageni, "au umemwaga marashi juu ya mafuta?" Fundi alicheka na akarudi kwenye grisi yake. Amefundisha mafundi sita, na watatu kati yao wapo hapa leo. Hakupenda kuona gari likirudi limefungwa kamba. Alisema ni aibu kama mtu kurudishwa kwao na mahari.

Lakini jina lake litakumbukwa kwa gari moja. Mwaka 1948 tajiri wetu, mwenye yadi, alinunua mnadani gari la jeshi la Kimarekani, la magurudumu sita, lililokwisha kuchoka vitani. Halina klachi. Gia zinajibadilisha zenyewe, kwa nguvu ya mafuta yanayozunguka ndani ya giaboksi. Likapewa kazi ya kupeleka baruti kwenye machimbo ya mawe ya Tegeta, nasi wapakiaji tukawa tunakaa juu ya masanduku ya baruti hiyo, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Tuliliita Izraili. Fundi hakupenda. "Msimwite," alituambia. "Njia anaijua."

Anayeijua Barabara ya Bagamoyo anaujua mchanga wake. Gari likizama, magurudumu yanakwenda polepole huku injini inalia, na mafuta ya giaboksi yanachemka kama uji. Yalikuwa mekundu, yakawa na rangi ya kahawa, yakanuka maandazi yaliyoungua. Mwezi wa Agosti 1951, tulipokwisha kuvuka Mlalakuwa, yalifura yakatoka kwenye tundu la kupumulia, yakadondoka juu ya bomba la moshi, yakashika moto. Dereva wetu Gaspar aliruka. Sisi wa juu tulikimbia hata sikumbuki nilishukia upande gani. Fundi, aliyekuwa ameketi kando ya dereva, alivua shati, akalijaza mchanga, akaingia chini ya gari, akauzima. Kati ya moto na baruti palikuwa na mbao za unene wa vidole viwili.

Alipotoka kutuita, meno yake yalikuwa yanagongana. "Nimebaki kwa sababu miguu ilikataa kwenda," alisema. "Asije mtu kunisifu kwa hilo." Nilimwahidi, na leo simsifu kwa hilo.

Ninamsifu kwa lililofuata. Tajiri alisema gari liendeshwe taratibu tu, maana waliolitengeneza walijua walichofanya. Fundi alimjibu kwa adabu kwamba waliolitengeneza hawakupita Mlalakuwa. Aliamua kuyatoa mafuta ya moto nje ya giaboksi, yapigwe na upepo, kisha yarudi ndani yakiwa yamepoa. Mara ya kwanza alitumia rejeta ya gari dogo lililopinduka. Ilipasuka siku ya majaribio, mafuta yakaifikia kaptura nyeupe ya tajiri, na kwa wiki nzima hakuna aliyethubutu kutaja rejeta hapa yadini. Mara ya pili alinunua bomba la shaba. Bomba likikunjwa tupu linabonyea, kwa hiyo alilishindilia mchanga mkavu, akaziba ncha mbili, akalizungusha kwenye mchi wa kinu wa mkewe, Bi Zubeida, likawa kama chatu aliyelala. Kisha akaumwaga mchanga, akaliosha bomba kwa mafuta ya taa mara saba. Seremala mmoja wa Keko alimchongea fremu ya mvule, wakaikalisha juu ya mpira wa tairi kuukuu ili isitikisike, wakaifunga mbele ya rejeta, kwenye upepo. Bi Zubeida, aliyekaa pale na wajukuu, anasema mpaka leo kisamvu chake kinanuka giaboksi.

Kazi ilifaa. Ila kipimo cha joto kilikuwa kimevunjika kioo, na kingine hakikupatikana mji mzima. Basi Fundi akapima kwa mkono. Bomba linalorudisha mafuta linapita chini ya kiti, upande wa kushoto. Kila baada ya mchanga mzito gari lilisimama, naye alilishika bomba kwa kiganja cha kushoto, akasoma Kulhuwallahu. Akiimaliza mkono ukiwa bado upo, twende. Mkono ukimtoka kabla, zima injini, shukeni, kaeni mbali.

Mwaka 1953 alishikwa na homa, akanituma mimi nikapime. "Weka kiganja, soma sura fupi," aliniambia, "ukishindwa, msimamishe Gaspar." Mimi ni Mkatoliki. Sura hiyo sikuijua, na niliona haya kuuliza. Nikasoma Baba Yetu. Tangu Mlalakuwa mpaka Mbezi sikuweza kuimaliza hata mara moja. Tulisimama mara nne. Tukashuka, tukakaa mbali, tukangoja. Wenzangu walinitukana kwa lugha zote wanazozijua. Gaspar aliuliza kama nasali au naagana na ukoo mzima. Magharibi ikatukuta porini na baruti, kinyume cha kibali, na hatukupata usingizi.

Fundi alipopona tulimweleza. Watu wote walicheka, yeye hakucheka. Aliniweka mbele yake nisome yangu kwa sauti, naye akasoma yake, pamoja. Yake ilikwisha mimi nikiwa nimefika "kama mbinguni."

"Basi wewe ishia hapo," aliniambia. "Mkate utaula ukifika Tegeta."

Tangu siku hiyo yadi yetu ina vipimo viwili, cha Waislamu na cha Wakristo, na vyote viwili ni sawa.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka, lakini niliahidi. Mwezi wa Desemba uliopita, mchangani pale pale, Fundi alishika bomba, akasoma, akamaliza, akasema twende. Nilikuwa nimeshuka kunywa maji na nimesimama karibu. Harufu ya maandazi ilinijia. Nikasema, "Shikamoo Fundi, niruhusu nami nishike." Akasema, "Shika, baba." Niliweka kiganja. Sikufika "jina lako." Ngozi ilibaki pale.

Fundi aliutazama mkono wangu, kisha akautazama wake. Akarudisha kiganja kwenye bomba, akakiacha pale, akakiacha, mpaka Gaspar alipomvuta kwa bega. Miaka mitano ya kushika shaba ya moto ilikuwa imekiua kiganja. Hakikusikia kitu. Na hakuna ajuaye kilikufa lini. Huenda ni wiki ile, huenda ni mwaka mzima uliopita, nasi juu ya masanduku tukiimba.

Aliketi kando ya barabara mpaka mafuta yalipopoa. "Nimekuwa nikiwapeleka kwa mazoea," alisema. Kesho yake alikwenda kwa tajiri mwenyewe, akaeleza yote, akaomba kustaafu. Angeweza kunyamaza. Mimi na Gaspar tungenyamaza naye, maana tunampenda, na huenda tungekufa naye. Kwa miaka ishirini na saba aliyotumikia, mimi naihesabu siku ile kuwa ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo maana nimeiandika.

Miezi mitatu iliyobaki aliitumia kunifundisha. Najua sasa kukaza maungio ya bomba, kunusa mafuta, kuyapaka kwenye karatasi nyeupe nione rangi. Lakini kiganja changu nacho ni cha kibarua, na kila mwezi kinazidi kuwa kigumu. Nilimwuliza nitajuaje kimekufa. Akasema, "Hutajua wewe. Mpe na mwenzako ashike." Kwa hiyo sasa tunashika wawili, mimi na Gaspar, na asiyeweza ndiye anayesikilizwa. Aidha Bi Zubeida amenishonea glavu ya ngozi ya mkono wa kushoto. Ninaivaa ninapopakia, ninapolima, hata ninapobeba maji, ili kiganja kibaki laini. Watu wa Temeke wanadhani nina ukoma. Wacha wadhani.

Ninawaambieni kweli, naogopa. Masika yameanza, na mchanga umekuwa tope. Safari ya kwanza tangu Fundi astaafu ni Jumatatu hii. Usiku naota harufu ya maandazi, na asubuhi Mama Benedicta, anayeyauza hapo getini, anashangaa kwa nini sinunui tena.

Fundi Thuwaini, yadi nzima inakushukuru. Wapo hapa watu wanane walio hai kwa ajili ya bomba lililozungushwa kwenye mchi, na kwa ajili ya neno ulilolisema kwa tajiri wakati hakuna aliyekuuliza. Pumzika na Bi Zubeida na wajukuu hapo Keko. Shika vikombe vya chai kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto hautakwambia kama ni moto. Mungu akupe miaka mingi, na mchana wote wa kulala.

Tunapakia Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Tutalala Tegeta siku tatu, tukiteremsha na kungoja barabara ikauke. Natarajia kurudi Alhamisi kabla ya alasiri, nami sitapitia yadini kwanza. Nitakuja Keko moja kwa moja, nivue glavu, uukague mkono.