Goti Jipya la Mama

Basi lilikuwa bado kituoni, mama wa kiti cha mbele yangu akaanza kumfokea mwanawe, fundi magari mwenye grisi kwenye kucha. "Miezi sita tangu nibadilishwe goti! Chakula unaniletea kitandani, pazia unalifunga. Umesikia alichosema daktari leo?"

"Mama, mle ndani kuna chuma. Chuma kikitumika sana kinalika. Mimi nakitunza."

"Kwani mimi gari bovu, unipandishe juu ya mawe nisitembee? Daktari kasema mfupa usiobeba mzigo, mwili unauona hauna kazi, unaumaliza kidogo kidogo. Chuma chako kizima! Mfupa unaokishika ndio unaokwisha!"

Sisi wengine tukatazama madirishani, kama watu wasiosikia kitu.

"Na ukianguka je?" fundi akauliza, sauti imemshuka.

"Bora nianguke natembea, kuliko wewe kunizika taratibu nimelala!"

Kituo cha pili basi likasimama. Fundi akachuchumaa mlangoni, akampa mgongo ambebe. Mama akamgonga bega kwa mkongojo. "Ondoka hapo, unaziba njia."

Akashuka ngazi moja, akapumua, akashuka ya pili. Nyuma yake tulipanga foleni, na hata dereva hakuthubutu kupiga honi.