Kuku wa Mkono wa Kushoto

Tumsifu Yesu Kristo!

Mh. Hiyo milele amina mmeitikia kama watu wenye njaa. Tulieni, togwa lipo na wali unaiva. Leo jumuiya imefika kwangu, na mwenyekiti kaniambia, "Bibi, toa ushuhuda, ila usitukalishe mpaka jua lizame." Nimemsikia. Siahidi.

Hizo khanga zilizotundikwa ukutani hapa nje, nyuma yangu, mtu asiziguse. Wewe mama uliyekaa karibu, toa kidole. Tutafika huko.

Ndugu zangu, shule mimi nilionja tu, nikaacha nikalee wadogo zangu. Lakini kuta! Nani hapa Mshangano aliyeolewa zile zamani, ukuta wa kwao sikuusiriba mimi? Binti akiposwa, mama yake ananifuata, "Njoo utupambie." Nachota udongo mweupe kule bondeni, mwekundu natoa kwenye kichuguu, mweusi ni masizi ya sufuria. Nakorogea na uji wa muhogo, ule mwepesi, ndio unaoushika udongo usipukutike. Kijiti nakitafuna ncha mpaka kinakuwa kama mswaki, hiyo ndiyo brashi yangu. Gunzi la hindi nachovya, nagonga ukutani, linaacha alama kama shanga. Halafu nachora kuku. Kuku wangu walikuwa na jina mji huu.

Na mjukuu wangu, niliyemlea tangu mama yake atutoke, tangu ana meno ya utoto namwambia, "Wewe ukiolewa, nitakuchorea ukuta kwa mkono wangu mwenyewe." Akigoma kunywa uji, namwambia hivyo. Anakunywa.

Basi. Asubuhi moja naosha vyombo hapo nje, kikombe kikaniponyoka. Nainama kukiokota, vidole havitaki. Naviambia okoteni, vinaniangalia tu. Nataka kuita, mdomo umekwenda upande. Kiharusi, jamani. Hospitali walinihudumia vizuri. Mdomo ukarudi, wenyewe mnausikia, umerudi wote! Mguu ukarudi nusu. Mkono wa kulia haukurudi. Huu hapa, umelala kama mtoto aliyeshiba.

Nawaambia kweli, kilichonimaliza ni huu uliobaki. Mimi nimelelewa kwamba kwa kushoto hupokei kitu, humpi mtu kitu, humsalimii mkubwa, huli. Bibi yangu alikuwa anatuchapa vidole. Sasa mtu anakuja, "Shikamoo Bibi," ananyoosha mkono, mimi nimpe nini? Nikaanza kujificha. Ninyi mkija kusali, mimi nimejifunika khanga gubigubi, nasema nina homa. Mjukuu ananilisha kwa kijiko, namgeuzia uso ukutani.

Na hapo hapo mchumba akaleta posa.

Mjukuu wangu na upole wake akasema, "Bibi, usijali ukuta. Tutaita fundi apake rangi ya dukani, krimu."

Nikasema sawa. Krimu! Alipotoka nililia mpaka mto ukalowa.

Sasa, mnajua nina mtani, Myao wa Tunduru, jirani yangu. Jina silitaji, ila ni yule pale jikoni anajifanya hasikii. Alikuwa kwao kwenye korosho. Karudi, kasikia habari zangu, kaingia bila hodi.

"We Mngoni! Bado hujafa? Nimekuja na njaa yangu ya msiba, nakukuta unapumua!"

Halafu akaninyooshea mkono wa kushoto. Makusudi kabisa!

Nikamwambia, "Huna adabu."

"Adabu ya wapi? Lete huo ulio hai."

"Huo mkono mbaya."

Ndugu zangu, alicheka mpaka akakaa chini. "Mbaya? Si ndio uliowatawaza watoto wako wote? Umeshika uchafu wao, na wamekua, wana ndevu! Huo wa kulia ulikuwa unamega ugali tu. Leo mfanyakazi unamwita mbaya, mlaji unamlilia?"

Nikacheka. Tangu kile kikombe kidondoke sikuwa nimecheka. Nikamwambia yote, habari ya krimu, habari ya ahadi. "Mtani, nilimwambia kwa mkono wangu mwenyewe."

Akaushika huu wa kushoto, akaugeuzageuza kama ananunua samaki. "Na huu wa nani? Wangu?"

Nikavikunja vidole vyake kimoja kimoja, vikanitii.

Kesho yake akaja na ndoo ya udongo. Udongo wenyewe umejaa mchanga, Myao anajua nini! Nikamrudisha akachote tena. Yeye anakoroga, mimi nachora. Weee! Mstari nauambia nyooka, unakwenda kama njia ya ng'ombe. Nafuta, nasiriba upya, naanza tena. Mpaka nikauona mkono unavyotaka. Nikiukaza, unatetemeka zaidi. Nikiuachia, nikiuimbia kidogo, ule mtetemeko unakuwa manyoya. Zamani manyoya yalikuwa yananisumbua, nachora moja moja. Sasa yanakuja yenyewe!

Jana nimemaliza, wifi yangu akaja kuangalia. Akaguna. "Wifi, hawa kuku wanaelekea wapi?"

Nikarudi nyuma, nikatazama. Mama yangu! Kumbe ule mkono wa kulia siku zote ulikuwa unawachora kuku wanaangalia kushoto. Milango yetu huku iko kulia mwa ukuta, kwa hiyo walikuwa wanaupa mlango mgongo, wanatoka, kama bibi harusi anavyotoka kwao. Sikuwahi kupanga, ndivyo mkono ulivyozoea. Sasa huu umewageuza. Jogoo, mitetea, vifaranga, wote wanaingia ndani!

"Mtoto anaolewa," wifi akasema, "we unamchorea kuku wanaorudi. Unataka aachike?"

Nikalowesha tambara nifute. Mjukuu akaja akanishika mkono, huu huu wa kushoto.

"Bibi, acha. Hawa wanakuja kukuona."

"Nani anakuja?"

"Mimi na watoto nitakaozaa. Kwani ulidhani nikiolewa sirudi?"

Jamani. Hilo ndilo lililokuwa linanila. Sikuwahi kulisema, hata kwenye sala sikulisema, na yeye kalijibu.

Tambara nikalitupa. Wifi naye akajifuta macho, akasema ni vumbi.

Basi nashukuru. Wauguzi walionigeuza kitandani kama mama zangu, nashukuru. Ninyi mlioacha mboga mlangoni wakati wa ile homa yangu, niliziona, nashukuru. Mjukuu wangu, usilie, utaharibu uso na harusi Jumamosi. Na wewe mtani huko jikoni, Mungu akupe maisha marefu, nije nile vizuri kwenye msiba wako.

Neno langu ni hili tu: kilichokubakia usikitukane. Huenda ndicho kilichokuwa kinafanya kazi siku zote, ulikuwa hukiangalii.

Haya, shusheni khanga. Taratibu! Jogoo bado mbichi.

Si mnaona? Wanarudi nyumbani hao.

Na sasa njooni mnisalimie, mmoja mmoja. Huu hapa mkono wangu.